Orodha ya Walioshuka Shimoni

Wazee wangu shikamooni, na nyinyi rika langu poleni na jua. Nami naomba niseme katika kikao chetu hiki, ila nikiwa nimekaa. Nimeingia leo kutoka Chato na mgongo haunitaki.

Mnanijua, mimi ni fundi kompyuta hapa Kambarage. Miaka mitatu iliyopita niliwaandikia wachimbaji wadogo wa Geita programu. Kila shimo lina kompyuta moja mlangoni: mchimbaji akishuka anaandikwa, akipanda anafutwa. Ndani yake niliweka maagizo ya kuaga, kwamba siku programu ikiondolewa ifute orodha yote. Niliwaza kompyuta itakayouzwa, isiondoke na majina ya watu. Sikuwaza kwamba hata unapoweka toleo jipya, la zamani huondolewa kwanza, na maagizo hayo hayo hufuatwa.

Mwaka jana nikapeleka toleo jipya shimo la kwanza. Orodha ikafutika. Bahati nzuri watu walikuwa juu wanakula. Wakaniuliza kulikoni, nikasema umeme. Ndugu zangu, nawaambia, haukuwa umeme; niliona aibu tu. Nikasahihisha maagizo katika toleo jipya, nikajiona nimemaliza. Kumbe linalosikilizwa kwanza ni lile la zamani, lililokwisha kukaa ndani ya mashine. Jipya hata halijaulizwa.

Shimo la pili nikaweka toleo hilo mchana, watu wakiwa chini. Sijakaa sawa, pampu ya kuvuta maji ikazimika. Maji yakaanza kupanda, kengele ikagongwa, watu wakatoka mbio, matope hadi masikioni. Msimamizi akaja dirishani.

"Fundi, nani bado?"

Orodha ilikuwa tupu.

"Umeme tena?" akauliza, maana ya shimo la kwanza alishayasikia.

Ningeweza kuitikia. Mdomo ulishafunguka. Nikasema, "Hapana, mzee. Ni mimi. Nimeifuta orodha, na ile ya kule niliifuta mimi."

Hakunigusa. Alimkimbilia mama lishe. Yule mama humwekea kila anayeshuka sahani yake, akaifunika, na haifunui mpaka mwenyewe apande. Mama akapita akigusa vifuniko.

"Mbili bado," akasema, akawataja wenyewe kwa majina. Kisha msimamizi akanigeukia, mimi niliyekuwa nimekaa chini nalia. "Ng'wanawane, mwanangu, inuka ushike kamba!"

Nikashika. Walitoka wote wawili, mmoja akitapika maji.

Tangu siku ile nimezunguka shimo kwa shimo. Nasubiri watu wapande, nasahihisha yale maagizo ya zamani humo humo yalimo, ndipo naweka toleo jipya. La mwisho nimelimaliza jana. Nilidhani nitafurahi. Nimechoka tu.

Namshukuru yule mama. Namshukuru msimamizi, aliyenirudisha kazini wakati mimi mwenyewe nisingejirudisha. Na nyinyi, mlionivumilia nikija hapa kila wiki na kuondoka bila kusema neno. Nililojifunza ni dogo. Ukikosea, usitengeneze cha mbele ukadhani kosa la nyuma limekufa. Liko kazini, linangoja zamu yake. Lifuate pale ulipoliacha, useme ni lako.

Mmoja wa wale wawili bado anashuka. Nikiwepo, kabla hajavaa taa yake ya kichwani, hupita dirishani.

"Fundi, nimo?"

Namgeuzia kompyuta ajisome mwenyewe.

Ni hayo tu, ndugu zangu. Nisaidieni kuinuka.