Hema la Mama Mkwe

Kijiwe chenyewe kiko Lushoto, chini kidogo ya stendi, pale ukuta wa duka la mbolea unapokinga upepo wa asubuhi. Benchi ni ubao mmoja wa mkaratusi, umepinda katikati kwa kukaliwa na watu wasio na haraka. Mwenye birika ni Bibi Marietha wa Rangwi, mjane, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, na kahawa yake ni kali kama maneno yake. Wateja wa kudumu ni watatu. Yupo Timotheo, mstaafu wa kiwanda cha chai, wanamwita Jaji kwa sababu hukumu yake hutoka kabla ya kesi. Yupo Hassani, wanamwita Kapteni, kwa kuwa ujanani alipanda boti ya Pemba safari moja, na safari hiyo haijafika mwisho mpaka leo. Na yupo Davis, kijana anayetembeza wageni milimani. Asubuhi hiyo kando ya benchi palisimama kitu kigeni: hema la rangi ya chungwa, limevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

Hema lilikuwa la Davis, aliachiwa na mgeni mmoja, naye alimwazima Bibi Marietha. Habari ilikuwa hivi. Jackline, kitinda mimba wa Bibi Marietha, alikuwa amejifungua kule Sahare, pembezoni mwa Tanga, karibu na bahari. Alipasuliwa. Mama wa mumewe alishafariki, hana wa kumshikia mtoto wala wa kumpikia uji. Kumpandisha mlimani na mshono wake, kwa kona zote zile kutoka Mombo, ilikuwa haiwezekani. Kwa hiyo mama ndiye ashuke, na basi ni la kesho alfajiri. Mkwe, anaitwa Edgar, alikwisha kutandika chumba, kaweka chandarua na feni. Lakini Bibi Marietha tangu azaliwe hajaona mama mkwe akilala paa moja na mkwewe, na hakukusudia kuwa wa kwanza: angelala hemani, kwenye kambi ya wageni.

– Bibi, ingia ujaribu, alisema Davis. Unatanguliza kichwa.

– Anayetanguliza kichwa ni mbwa anayetafuta sufuria. Geukeni huko wote.

Wanaume wakageukia stendi. Bibi Marietha akaingia kinyumenyume, kanga ikakwama kwenye zipu, akaitukana zipu kwa Kishambaa mpaka ikamwachia.

– Kuna nini humo? aliuliza Kapteni, kwa hamu ya mtu aliyesimama mdomoni mwa kisima.

– Kuna joto, na harufu ya soksi za Mzungu. Hivi Davis, mtu ana nyumba kwao, ana kitanda, anapanda ndege, anakuja kulala chini. Anakimbia nini?

– Anapumzika, bibi.

– Anapumzika kitanda?

– Mama Jackline, alisema Jaji, mimi bado sijaelewa. Chumba kipo, feni ipo. Mkwe mwenyewe kakukaribisha.

– Kukaribisha si kazi. Kazi ni asubuhi. Mimi natoka na mswaki, yeye anatoka na taulo, tunakutana mlango wa bafu. Nani amwamkie nani? Wewe Jaji, mama mkwe wako ulimwona na taulo?

– Mungu apishe mbali! Mimi nilikuwa nikimwona njiani naingia kwenye mahindi ya watu.

– Basi nyamaza.

– Kuna gesti, bibi, alisema Davis. Safi tu, kuna moja iko...

– Gesti! Mimi, na rozari shingoni, nipewe ufunguo na binti anayetafuna bablishi, aniulize kama niko na mwenzangu? Soma hizo kambi zako.

Davis akatoa simu. Kambi alizozipata huko chini zilikuwa tatu. Ya kwanza iko ufukweni, ukitoka hemani unakanyaga mchanga. Ya pili imo ndani ya shamba la zamani la mkonge, ina kisima na choo cha maji. Ya tatu iko nyuma ya nyumba mpya za Sahare, ina ukuta na mlinzi, na kutoka pale mpaka kwa Edgar ni kutembea tu.

– Ufukweni usithubutu, alisema Kapteni. Nakwambia mimi niliyeivuka. Bahari ina tabia ya kwenda na kurudi. Mchana utaiona imekwenda zake kule, utasema hapa pakavu, utachomeka hema. Usiku inarudi, na haipigi hodi.

– Inarudi kufanya nini? sauti iliuliza kutoka ndani ya hema.

– Kuangalia.

– Kuangalia nini?

– Kilichoongezeka. Halafu kuna kaa. Kaa hawali mtu, msiwasingizie. Wanachukua kiatu.

– Viatu, ulitaka kusema.

– Kiatu. Kimoja. Mimi mwenyewe sijui wanakipeleka wapi.

Kila mtu akamfikiria kaa na kiatu kimoja. Bibi Marietha naye, huko ndani, alijikuta anaangalia miguu yake.

– Tunapoteza muda na kaa, alisema Jaji. Hoja ni moja tu: nyumba ya mkwe inaishia wapi? Hiyo kambi ya tatu mimi naikataa, iko karibu mno. Ukiweza kusikia kikohozi cha mkwe, uko kwa mkwe.

– Basi tupime kwa kikohozi! Kapteni akadakia. Edgar asimame mlangoni akohoe. Mama Jackline arudi nyuma, arudi nyuma, pale anapoacha kusikia, anachomeka.

– Na akishikwa na mafua? aliuliza Davis. Kikohozi si kinakuwa kikubwa?

– Anahama.

– Mimi? Usiku? alisema Bibi Marietha.

– Mafua ya pwani hayakai, mama. Utahama mara moja tu.

Jaji akatikisa kichwa. Kikohozi hakifai, alisema, kwa sababu masikio ya watu hayalingani. Tupime kwa moshi wa jiko. Davis akamwambia wale wanapikia gesi. Kapteni akasema basi tupime kwa taa ya barazani, pale mwanga unapokwisha ndipo ukwe unapokwisha. Davis, ambaye alikwisha kunogewa, akasema watu wa siku hizi taa zao haziendi mbali, kinachokwenda mbali ni mtandao: simu ya bibi ikianza kushika mtandao wa nyumbani kwa Edgar, ajue amevuka mpaka.

– Simu yangu ni ya tochi, alisema Bibi Marietha. Haishiki chochote ila betri.

– Subirini, alisema Jaji, akanyanyua kidole. Subirini kwanza. Mila inasema paa. Si ndivyo? Usilale chini ya paa la mkwe. Chini! Haikusema juu.

– Jaji...

– Niacheni nimalize. Hema hili likapandishwa, likafungwa vizuri kwa kamba, juu ya bati la Edgar...

– Jaji! Nilale juu ya kichwa cha mkwe wangu?

– Lakini hujalala kwake.

– Na nikigeuka usiku?

– Unageuka taratibu.

Kapteni alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Davis akauliza, hacheki kabisa, kama bati la Edgar ni la mgongo mpana au la kawaida, kwa sababu vigingi vyake ni vya kuchomeka kwenye udongo. Wakaanza kujadili vigingi. Bibi Marietha akawaacha. Alilala chali akatazama kitambaa cha chungwa, akajiuliza kama kule joto litakuwa hivihivi au zaidi, na kama mtu akilala karibu na bahari anaisikia kama anavyosikia mvua. Hajawahi kulala chini ya mlima huu hata mara moja. Alitamani kujua. Hilo hakulisema, wangelitangaza stendi nzima.

Manyunyu yakaanza. Akaja mwanamke mmoja mbio, mtoto mgongoni, gunia dogo mkononi, akasimama chini ya upenu wa duka.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, mwanangu, alisema Kapteni. Umetoka wapi?

– Upande wa Bumbuli, mashambani. Tunachuma chai. Naitwa Salama, kwetu Songea. Nasubiri gari la kunirudisha.

– Mlete huyo mtoto humu, alisema Bibi Marietha, akatoa mkono tu kwenye hema. Atalowa.

Salama akashtuka kidogo kuona mkono unaongea, lakini akamfungua mtoto akampitisha. Bibi Marietha akamlaza kifuani. Nje Kapteni akammiminia mgeni kahawa kama ya kwake.

– Hiki kijumba ni cha nini? aliuliza Salama.

Wote watatu wakamweleza kwa pamoja, kwa furaha ya watu waliofanya kazi kubwa. Wakamweleza Jackline na mshono wake, Edgar na chumba chake, kambi tatu, kikohozi, taa, na bati. Jaji akamalizia kwamba kwa sasa mizani inaelekea kambi ya mkongeni, kwa kuwa ni mbali kiasi cha heshima na pana choo.

Salama alikunywa kahawa yote ndipo akauliza.

– Na mtoto akilia usiku, nani anaamka?

Jaji akamtazama Davis.

– Si wapige simu, alisema Davis.

– Nani apige?

– Yeye... Jackline.

– Ainuke na mshono, atafute simu, halafu mama atoke huko mkongeni usiku?

– Kuna bodaboda, alisema Kapteni, kwa sauti ndogo.

– Mtoto mchanga hata halii sana, alisema Jaji.

Salama akamtazama tu. Jaji akaanza kuchunguza kikombe chake.

– Mimi wa kwanza nilimzaa hukuhuku, Salama alisema. Mama yuko Songea, mume yuko zamu kiwandani. Usiku mmoja nilisinzia nikinyonyesha. Nilizinduka nimemlalia, uso wote uko chini ya kifua changu. Alikuwa hapigi kelele tena.

– Yesu wangu, alisema Davis. Akafa?

– Yuko darasa la tatu. Lakini ule usiku hakuna anayejua ilivyokuwa, ila mimi.

Ndani ya hema Bibi Marietha alimsogeza mtoto wa Salama karibu na shingo yake. Asubuhi nzima walipima kutoka kwa Edgar: kikohozi chake, taa yake, bati lake. Hakuna aliyepima kutoka kwa mtoto wa Jackline, na yeye bibi mtu alikuwa amelala hapa anamsikiliza Jaji. Jana Jackline alimwambia kwenye simu, mama wewe njoo tu, na sauti ilikuwa ya mtu anayeongea huku anasinzia. Yeye akamjibu habari za hema.

Alimrudishia Salama mtoto, akatoka, akafungua pindo la kanga akatoa simu.

– Davis, nitafutie namba ya Edgar humu. Imeandikwa Baba Mtoto.

– Ya Edgar mwenyewe? aliuliza Jaji. Uongee naye, mdomo kwa mdomo?

Hajawahi. Tangu ile harusi salamu zote zilipita kwa Jackline, kwenda na kurudi. Davis akapiga, akampa. Hata Kapteni akaweka kikombe chini.

– Haloo. Mama Jackline hapa. Marahaba. Marahaba, imetosha. Sikiliza, usinijibu kwanza. Nakuja kesho. Nitalala chumbani kwenu, mimi na Jackline na mtoto. Hapana, kile ulichotandika sikitaki, ni kizuri, sikitaki. Mimi na wewe hatulali paa moja. Kwa hiyo wewe ndiye utakwenda kulala kambini. Hema nakuja nalo.

Jaji akaruka kutoka kwenye benchi.

– Mwanamume afukuzwe kwenye nyumba aliyoijenga! Mama Jackline, unavunja ndoa ya mtoto!

– Hafukuzwi, anapisha, alisema Bibi Marietha, mkono juu ya simu. Mchana atarudi, nyumba ni yake. Usiku ni wangu.

Akarudisha simu sikioni. Kwa Edgar, kwa mbali, mtoto alikuwa akilia, na sauti ya mwanamke ikimbembeleza kwa kukata tamaa. Bibi Marietha akasubiri, uso umekaza, tayari kwa ugomvi. Kisha Edgar akasema kitu. Uso wa Bibi Marietha ukalegea kidogo, kama wa mtu aliyesukuma mlango kwa bega akakuta haukufungwa.

– Kasema nini? alinong'ona Kapteni. Kakasirika?

– Anauliza kama huko kambini kunalalika.

– Nini?

– Anasema hajafumba jicho tangu mtoto azaliwe. Anataka kujua kambi ipi huko ina usingizi zaidi. Na anauliza kama anaweza kwenda leo.

Wote wakamgeukia Davis. Davis akalitazama hema.

– Mimi wageni nawafungia tu, alisema. Nikishawafungia narudi kulala nyumbani.

– Hujawahi kulala humo? Hata siku moja?

– Kuna baridi.

Wakamgeukia Kapteni, naye akakumbuka kwamba Pemba alifikia kwa mjomba. Jaji hawakumgeukia. Salama alikuwa ameshaanza kumfunga mtoto mgongoni, kwa sababu gari lake lilikuwa linapiga honi. Manyunyu yakaendelea kugonga kitambaa cha chungwa.

– Edgar, alisema Bibi Marietha kwenye simu. Hapa hakuna anayejua. Nikifika kesho, nenda wewe ukalale, halafu utuambie.