Mwalimu Picha na Ukuta Uliopakwa Rangi

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Picha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Alimaliza sekondari mwaka 1986, akaingia chuo cha ualimu na kusomea kufundisha watoto wenye ulemavu wa akili.

Mwaka 1991 alipewa darasa la mwisho kwenye korido, ubavuni mwa choo. "Hao ni wa kushinda nao tu, dada," wenzake walimwambia. Yakamchoma. Akachora picha, hatua kwa hatua: mswaki, dawa, kusugua, kusukutua, mkono huu kwenye shati, kisha ule, vifungo kuanzia cha chini. Akazibandika juu ya sinki, usawa wa macho ya mtoto. Binti mmoja alihangaika na kifungo kimoja miezi saba. Siku alipokifunga, alikifungua akakifunga tena. Mwalimu alipomsogelea, akang'aka, "Usinishike!" Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

Tarehe 17 Desemba 1994 aliolewa na fundi umeme, aliyemkatia makaratasi magumu ya kuchorea picha kila likizo bila kunung'unika. Walijaliwa watoto wawili.

Februari 2019 mkuu mpya wa shule aliamuru picha zibanduliwe, ukuta upakwe rangi, maana wageni wanakuja.

"Watoto wanazifuata hizo kila asubuhi, mkuu."

"Zinachafua ukuta, mwalimu."

Zilichomwa moto nyuma ya jiko. Jumatatu wanafunzi walisimama mbele ya ukuta mweupe, miswaki mkononi, hawajui pa kuanzia. Mwalimu alizichora upya zote, sitini na mbili. Tunayasema haya mbele ya jeneza kwa sababu mkuu huyo ameketi mstari wa mbele, na ameomba dakika tano za kumsifu marehemu. Hatumpi.

Mwaka 2022 alipatikana na ugonjwa wa figo. Aliomba ruhusa ya kujiuguza, akajibiwa, "Tafuta kwanza wa kukushikia darasa." Hakuna aliyelitaka darasa lile. Alifundisha kwa miguu iliyovimba, amevaa ndala za mumewe, hadi alipoanguka darasani tarehe 14 Juni 2023. Alifariki hospitalini tarehe 2 Julai, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, mdogo wake anayesoma wasifu huu, na wanafunzi kumi na mmoja ambao mpaka leo hawajapewa mwalimu.

Mungu ampe pumziko alilonyimwa na wanadamu.