Kesi ya Programu ya Bure

Mwenye kubisha abishe, mimi nilikuwa pale pale, kikombe cha kahawa mkononi. Benchi letu la Majengo liko mbele ya kibanda cha Abdulkarim fundi viatu, tunayemwita Brashi, hatua kumi tu kutoka duka la Sifael. Sifael, yaani Printa, huchapa vitabu vya mazishi: picha ya marehemu, wasifu, ratiba ya misa, majina ya wajukuu. Miaka sita anaviandika kwa programu ya bure aliyoichukua mtandaoni. Asubuhi ile kikombe cha kwanza alikinywa kwa amani. Cha pili hakukimaliza.

Aliyemvuruga ni mzee Wenseslaus, tunayemwita Jaji, ingawa mahakamani ameingia mara moja tu, shahidi wa kesi ya mbuzi. Alileta habari za mtu wa Tarakea aliyetumia programu ya namna hiyo. Wenye programu wakatoka Ulaya na wakili wao, wakabeba kompyuta yake, kisha wakarudi kung'oa mabati ya nyumba yake.

– Lakini mzee, wameandika wenyewe kwamba ni ruksa.

– Umesoma mpaka mwisho?

Printa hakuwa amesoma hata mwanzo.

– Sikiliza, kijana. Babu yako akimpa mtu kihamba alime bure, wajukuu hawaji kukidai?

– Wanakuja.

– Basi Mzungu hana wajukuu?

Hapo Printa alinywea, maana ukoo wake una mwaka wa nne kwenye baraza la ardhi kwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, kilichotolewa namna hiyo hiyo. Brashi akazidisha: kila kilichoandikwa na programu ile ni ushahidi, na padri aliyekisoma madhabahuni ni mshtakiwa wa pili. Hata waliolia msibani wataitwa.

Printa akainuka akiilaani Ulaya nzima, akaingia dukani. Alirudi anahema.

– Nimefuta. Programu, na kila nilichoandika nayo. Waje sasa.

Aliyekuja ni Salvina, kitambaa cheusi kichwani. Mama yake alikuwa azikwe kesho yake, Sanya Juu, na wiki nzima amezunguka kwa mashangazi kukusanya majina. Akamwamkia Jaji shikamoo, akamgeukia Printa.

– Kaka Sifael, nimefuata vitabu vya mama.

Printa akamweleza. Salvina hakulia.

– Umemfuta mama yangu kwa kumwogopa mtu ambaye hajaja?

– Dada, ni hawa wazee walionitisha. Kuna mtu wa Tarakea ameshtakiwa.

– Anaitwa nani?

Printa akamtazama Jaji. Jaji akamtazama Brashi. Brashi akainamia kiatu alichokwisha kukishona.

– Nimeuliza jina. Mama yangu ana jina.

Mishipa ya shingo ilimsimama Printa. Akampokonya Jaji kikombe, akaimwaga kahawa chini, akamwambia asikanyage tena mbele ya duka lake. Kisha akachukua daftari, wakakaa na Salvina kwenye ngazi, akaanza upya kwa mkono: mama alizaliwa mwaka gani.

Hayo yote niliyaona kwa macho yangu. Ila yule mtu wa Tarakea na mabati yake, Jaji alimsikia kwangu, na mimi nilimtunga tu nikisubiri kahawa ichemke.