Umri wa Cheche

Sogeeni wanangu, na wewe Mkubwa toka hapo mlangoni, simu utaipokea nikishazikwa. Daktari ameniambia asubuhi kwamba maji yamejaa mapafuni, wala hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo nasema haya leo nikiwa na akili zangu timamu, na sina kifua cha kurudia.

Ya mali ni mafupi. Karakana ni ya Mkubwa pamoja na mashine zote za kuchomelea, kwa sharti kwamba yule fundi wangu wa zamani asifukuzwe kwa sababu ya mdomo wake, maana mdomo huo nimeuvumilia miaka yote na haukuniua. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, lakini haiuzwi mpaka kitinda mimba amalize shule. Vitu vya marehemu mama yenu mgawane ninyi wasichana wawili, Mkubwa asitie pua.

Sasa linaloninyima usingizi. Keshokutwa mahakama itaamua kama Cheche ni mtoto au mtu mzima. Mnamjua, ni mwana wa yule mama muuza chai wa getini kwetu, yule kijana mfagiaji wa karakana, ndiye aliyekuja jioni ile kuiba mashine, nikamzuia, akanisukuma, nikaangukia jiliwa, lile la kubania vyuma, nikavunjika nyonga, na tangu siku hiyo kitanda hiki ndicho karakana yangu. Nilimkasirikia, na bado nimemkasirikia. Anastahili adhabu, msije mkasema mzee alikufa amelainika. Lakini nikifa kesi itabadilika jina, haitakuwa tena ya wizi na kujeruhi, itakuwa ya kuua, na akihesabiwa mtu mzima atafungwa na watu wazima mpaka meno yamtoke.

Mkubwa, wewe ndiye uliyewaambia polisi ana miaka kumi na minane, na najua ulikoitoa. Pale karakana asiyefika kumi na minane hashiki mashine, anafagia na kupaka rangi tu. Cheche alichoka kufagia, akajiongezea miaka miwili, nawe ukacheka ukampa miwani ya kuchomelea nilipokuwa safarini. Niliporudi nikamrudisha kwenye ufagio, akanuna. Uongo wa kuombea kazi wewe umeugeuza ushahidi! Na yeye mwenyewe, mjinga yule, alipoulizwa kituoni akashikilia palepale, akidhani akisema kumi na sita hatashika mashine tena, kana kwamba bado ana kazi. Mtu mzima gani anawaza hivyo akiwa ndani ya mahabusu?

Cheti cha kuzaliwa hana, na neno la mama yake wanasema ni la mzazi, lakini umri wake naujua, nanyi mnaujua. Alizaliwa wiki ileile aliyozaliwa kitinda mimba wetu huyu anayenipepea, wodi moja, vitanda jirani, na mama yake alipopoteza damu nyingi, mama yenu aliwanyonyesha wote wawili, mmoja huku na mmoja huku, akilalamika kwamba huyo wa muuza chai anang'ata. Mkubwa, wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea mama huyo uji wodini. Juzi tu umemkatalia mdogo wako kwenda kulala kwa rafiki yake, nimekusikia kwa masikio yangu ukifoka, "Wewe bado mtoto, hujui dunia!" Ulisema kweli. Basi kaseme kweli na kule.

Wakili, binti yangu, najua unachotaka kusema. Ofisini kwenu wanataka umri ushushwe, wa kumi na nne afungwe kama mtu mzima, na redioni watu wanapiga simu kushangilia. Hasira zao nazielewa, mimi ndiye ninayegeuzwa kitandani kama gunia. Ila mtoto huyohuyo hawamruhusu kupiga kura wala kusaini mkataba wa chumba, halafu siku ya kufungwa ndiyo wanamwona amekua. Mstari uwekwe mmoja, ukae palepale, kwa mtoto wako na kwa mtoto wa muuza chai. Mkitaka kurekebisha sheria, anzeni na yule mnunuzi wa vyuma chakavu aliyemtuma Cheche kuiba, ambaye mpaka leo anapima vyuma vyake na hajaulizwa hata jina. Mtu mzima anayemtuma mtoto kuiba abebe adhabu yake na ya yule mtoto. Na kesi za watoto zisikilizwe upesi, maana huyu analala na majambazi huku watu wakibishana juu ya mwaka wake wa kuzaliwa, na mafunzo anayopata humo siyo niliyompa mimi. Apelekwe wanakofungiwa watoto, afunzwe kazi, akitoka ajue alichonifanyia. Mimi naona hivyo. Wewe umesoma, nipinge nikiwa hai.

Haya, umekimbilia kikombe.

Maji... hapana, acha, nitayamwaga. Mazishi yasiwe na mbwembwe. Mama muuza chai akija msimzuie mlangoni, mpeni kiti, alie na wenzake. Kitinda mimba, soma. Wakili, mpunguzie mumeo maneno. Mungu awafungulie njia, awape afya, awape na watoto wa kuwazidi ubishi.

Mkubwa, baraka yako bado nimeishika. Njoo karibu, sauti inaisha. Keshokutwa hakimu atakuuliza, nami nakuuliza kabla yake. Cheche ana miaka mingapi?

Usimtazame dada yako. Nitazame mimi.

Kwa sauti, mwanangu... sisikii vizuri.

Kumi na sita. Ehe. Mungu akuweke, baba. Mungu akuweke.