Maharage ya Mwalimu Débora na Barua Niliyoiandika

Baada ya miaka thelathini na saba mbele ya ubao, Mwalimu Débora Kahongya anaweka chaki chini tarehe 30 Juni. Alianzia Beni mwaka 1988, kisha akapanda Butembo, katika shule yetu, nilikokuwa prefe, yaani mkuu wa shule.

Seli aliifundisha kwa maharage yaliyotoka milima ya Alimbongo, aliyoyaloweka hadi sindano ipite. Meza ya kwanza ya wanafunzi ilitoa maagizo ya kiini. Ya pili, ribosomu, ilitunga punje kwenye uzi kwa rangi zilizoagizwa, kila punje asidi amino moja. Ya tatu iliukunja mnyororo huo, yaani protini, upate umbo la kazi. Uliokunjika vibaya ulitiwa alama, ukavunjwa, punje zikarudi kikapuni kutungwa upya. Somo likiisha walipika, naye ndiye aliyetafuta chumvi.

Waliokimbia mauaji ya huko Mbau walipojaza madarasa, alifundisha chini ya turubai. Wauguzi wengi wa mji huu wametunga maharage yake.

Sasa niseme langu, maana daktari amenishauri nisiahirishe mambo. Mwaka 2006 Débora aliugua, nikamshikia darasa. Nikafundisha kwamba protini ikishaundwa hudumu hadi mtu afe. Mwanafunzi Jéthro akasimama: "Prefe, lakini Madame alisema zinavunjwaka kila siku!" Darasa zima likacheka.

Débora aliporudi nilimwita ofisini, nikamuuliza kwa nini mwanafunzi wake alinibishia. Akajibu kwa upole: "Jéthro hapana kosea, Prefe. Yenye ilichakaa inavunjwa, vipande vyake vinajenga ingine."

Nilijua anasema kweli. Hata hivyo nilimwandikia barua ya lawama, kwamba anachezea chakula watu wakiwa na njaa. Kwa barua hiyo alinyimwa ukurugenzi wa masomo. Kesho yake aliloweka maharage.

Jumanne iliyopita nilipakiwa kwenye pikipiki hadi ofisi ya elimu. Niliandika kwamba lawama ile ilikuwa uongo wa mtu aliyeaibika, nami nikakataa kuondoka kabla haijatolewa kwenye faili lake. Ilitolewa. Leo Jéthro, anayerithi darasa lake, atasoma barua yangu ya kukiri mbele ya wote.

Asante, Mwalimu. Nilichokikunja vibaya nimekivunja kwa mkono wangu. Miaka uliyonyimwa siwezi kuitunga upya. Pumzika kwa raha na afya, na maharage ya kesho yaloweke kwa ajili ya chungu tu.

Gamaliel Syauswa, prefe wa zamani