Manjano ya Mwisho ya Clem Noske

Ijumaa hii ya tarehe 28 Februari, baada ya miaka thelathini na tisa katika Karakana ya Kamera ya Tilbrook hapa Adelaide, Clem Noske atazima taa yake ya zambarau, ataosha kikombe chake cha chai na kwenda nyumbani moja kwa moja. La kikombe hatuna uhakika nalo. Hayo mengine yamethibitishwa na mkewe.

Clem aliajiriwa na marehemu mzee Tilbrook mwaka 1986. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa gari la mikate, na huku aliletwa kufagia na kupokea mizigo. Bisibisi alishikishwa kwa muda tu, kwa sababu mwenye bisibisi alikuwa na mafua. Mafua yalipona. Bisibisi haikurudi.

Kwa faida ya mashemeji waliokuja kwa ajili ya keki, kazi iliyompa Clem jina ni hii. Zamani viwanda fulani vilitengeneza lenzi kwa kioo kilichochanganywa na thoriamu, madini yenye mionzi, kwa kuwa kioo hicho kilitoa picha kali ajabu. Ubaya wake ni kwamba mionzi hiyo hukaa mle mle ndani ikikitia kioo rangi taratibu, mpaka lenzi inafanana na chai ya rangi. Mafundi wengine walikuwa wakichomoa kioo kilichoharibika na kupachika kingine. Clem hakutaka hata kusikia. Msimamo wake, alioutangaza mpaka wateja wakaujua, ni kwamba mtu akileta kioo chake arudishiwe kioo chake. Weupe upo humo humo. Kinachotakiwa ni kukianika kwenye mwanga wa urujuanimno, ule ambao jicho halioni lakini jua letu linao wa kumwaga.

Mwanzo haukuwa wa kujisifia. Alipata kijitabu kutoka ng'ambo kilichoagiza lenzi ziwekwe kwenye dirisha la kusini, akaziweka. Majira yote ya baridi zilikaa pale. Zilipotolewa zilikuwa na manjano yale yale, na vumbi la ziada. Kijitabu kiliandikwa na watu ambao jua lao hupita kusini. Letu hupita kaskazini, jambo alilokuwa akilijua paka wa karakana, ambaye hakuwahi kusoma kijitabu chochote na alikuwa akilala dirisha la kaskazini muda wote huo. Mzee Tilbrook alipendekeza paka apandishwe cheo.

Clem akahamia dirisha la paka. Kiangazi kikaingia, na siku moja ya upepo mkali, siku ambayo, kwa hofu ya moto wa nyika, ilikuwa marufuku kuchoma hata soseji uani, lenzi moja ikakusanya jua na kuliangushia juu ya kitambaa cha vyombo. Mzee Tilbrook alizima moto kwa chai yake mwenyewe. Tangu hapo Clem alijifunza kuzilaza lenzi juu ya karatasi ya foili, uso chini, na kuzilinda kama mtu anayelinda maziwa jikoni.

Zilipokuja taa ndogo za urujuanimno alikuwa wa kwanza mjini kununua. Alitengeneza sanduku, akalibandika foili ndani, akavaa miwani yake ya kujikinga, na lenzi zikaanza kumjia kutoka Perth, Darwin na hata Auckland. Zilifika na rangi ya asali, zikaondoka kama maji. Mteja mmoja aliingia na kipima mionzi, nacho kilipokaribia kabati kikaanza kulia kama panzi.

"Bwana wewe, huogopi?" akauliza, huku akirudi nyuma.

"Nimekaa nazo miaka yote hii," Clem akamjibu, "na gizani bado siwaki. Mke wangu ameangalia."

Tungeweza kuishia hapo na kukata keki. Lakini sherehe hii nusura isiwepo, na waliokuwepo wanajua.

Mwaka juzi lenzi zilianza kurudi. Clem alizianika, akaziweka juu ya kisahani cheupe cha chai kama anavyofanya siku zote, akatangaza kuwa zimetakata. Sisi tukitazama tunaona chai. Ilikuwa chai nyepesi, lakini chai. Mtu gani angemwambia hivyo Clem Noske? Tulikohoa, tukarudi mezani kwetu.

Aliyesema ni Despina Kaloudis, mpiga picha za harusi, ambaye hajawahi kukohoa pale anapoweza kusema. Aliirudisha lenzi ya marehemu baba yake, aliyokuwa ameichukua juma lililotangulia.

"Clem, umenifanya nini? Bibi harusi wangu ametoka kama ana homa ya manjano!"

"Lenzi ni nyeupe, Despina. Huyo mtazame ini."

"Ini langu ndilo litakalopasuka! Binti yangu anaolewa Novemba. Nilitaka kumpiga kwa lenzi ya babu yake, na gauni lake ni jeupe. Jeupe, Clem, unanielewa?"

Alielewa. Akanunua taa mpya. Akaianika ile lenzi mara mbili ya kawaida, akaiweka kwenye kisahani, akaona imetakata; akatutazama nyuso, akajua kwetu haijatakata. Baada ya siku hizo utani wake ulikwisha. Alimwendea Noreen Tilbrook, aliyeirithi karakana kwa baba yake, akamwambia mkono wake umepoteza ufundi na anaondoka mwisho wa mwezi. Hotuba hakutaka. Keki hakutaka. Alitaka kutoka kwa mlango wa nyuma kabla watu hawajaanza kusema kwamba Noske anauza manjano.

Kwa kuwa hakuweza kukaa bure, mwezi huo alijitolea kuziba ufa wa ukuta wa jikoni na kupaka rangi. Alichagua rangi mwenyewe, akapaka mwenyewe, akarudi nyuma hatua kadhaa kuitazama kazi yake kwa fahari. Noreen aliingia kuchemsha maji, akasimama na birika mkononi.

"Clem. Ukuta huu ni rangi gani?"

"Mweupe."

"Na hapa ulipopaka?"

"Mweupe. Ukuta si ni mmoja, Noreen? Una nini leo?"

Katikati ya ukuta mweupe kulikuwa na kiraka kikubwa kama mlango wa friji, na rangi yake ilikuwa kastadi. Si karibu na kastadi. Kastadi yenyewe, ile ya manjano ya kumwagia juu ya pudini.

Noreen aliweka birika chini. Akamshika Clem kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani, akamwangalia machoni kama Clem anavyoangalia lenzi.

"Mkono wako uko salama, mpuuzi wewe," akasema. "Lenzi zenye manjano ni hizi mbili ulizozaliwa nazo."

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema taa haihusiki, ni umri tu. Hutia ukungu na manjano polepole hata mwenyewe asijue. Clem aliuliza, na tunaamini hakuwa akitania, kama haiwezekani kuyaanika. Akaambiwa hapana. Kioo cha jicho hutolewa, kikawekwa kingine.

Hapo ndipo penye ugumu. Mtu aliyekataa maisha yake yote kupachika kioo kigeni ndani ya lenzi ya mteja sasa alitakiwa apachikwe kigeni yeye. Akagoma. Alisema afadhali aondoke na manjano yake.

Despina alisikia, akaja. Watu walidhani amekuja kuchukua lenzi apeleke kwingine. Badala yake aliichukua, akaiweka juu ya meza ya Clem, mbele ya wote.

"Sikiliza, mzee mkaidi. Kwa fundi mwingine siipeleki. Baba aliniambia hii ni ya Clem. Harusi ni Novemba. Kama macho yako yatakuwa bado ya kastadi, mwanangu ataolewa na gauni la kastadi, na kwenye kila picha nitaandika jina lako."

Clem aliifuta lenzi kwa kitambaa. Kisha akamwomba Noreen namba ya hospitali.

Walimfanyia jicho la kulia kwanza. Jumatatu iliyofuata ruhusa ya daktari alikuja kutusalimia tu, akaingia jikoni kutafuta kikombe, na karakana nzima ikasikia sauti yake.

"Nani mjinga amepaka ukuta huu?"

Hatukuwahi kucheka vile kazini. Noreen ilibidi akae chini. Clem alisimama mbele ya kiraka akifumba jicho moja, kisha jingine. Kushoto, nyeupe kote. Kulia, kastadi. Kushoto. Kulia. Alifanya hivyo kwa kila kitu: visahani, magazeti, meno yetu. Mwisho akaishika lenzi ya Despina, akaitazama kwa jicho jipya, akaiweka kwenye kisahani.

"Basi mlikuwa mnaona hivi," akasema, "na mkanyamaza."

Tulikohoa.

Baada ya jicho la pili hakuna aliyeweza kumtuliza. Alimpigia simu kila mteja wa mwaka ule, akaziita lenzi zote zirudi, akaziosha manjano tena bila malipo, akizigeuzageuza ndani ya sanduku mpaka hata sisi tulipoona maji yeye alisema bado, kuna chai. Alikuwa sahihi. Sasa anaona kuliko sisi. Ya Despina aliitoa ya mwisho. Aliilaza kwenye kisahani, akatuita, na kwa mara ya kwanza hakutangaza chochote. Alisubiri tuseme sisi. Tukasema kwa pamoja, kwa kelele, hata mteja aliyekuwa mbele dukani akauliza nani amefunga goli.

Picha ya harusi iko pale juu ya meza yake. Bibi harusi amesimama kwenye ngazi za kanisa la Wagiriki, jua la Novemba limempiga, na gauni ni jeupe mpaka unapepesa macho.

Clem, umeomba mara tatu uruhusiwe kukipaka upya kile kiraka kabla hujaondoka. Jibu la karakana ni lile lile. Tumekiwekea fremu. Kuanzia Jumatatu tukibishana kama lenzi imetakata, tutaishika mbele ya kiraka hicho, tutaangalia, na safari hii hakuna atakayekohoa. Kila mtu atasema.

Asante kwa kila kioo ulichomrudishia mwenyewe. Uende na mkeo Glenys na karavani yenu, ile nyumba ya kukokotwa na gari, muiegeshe mlango ukiangalia kaskazini, na miaka iliyobaki uione katika rangi zake halisi. Maisha mema, fundi wetu.

Kikombe kiache kwenye sinki. Tutakiosha sisi.