Daktari Stanislas Murhula, Aliyeondoa Serumu Bagira

Daktari Stanislas Murhula, tunayemuzika leo, alizaliwa Nyangezi tarehe 14 Machi 1958, mutoto wa tatu wa Papa Floribert na Maman Lucie. Alisoma shule ya musingi na sekondari palepale, akapata diploma ya udaktari Lubumbashi mwaka 1986. Ujinga hakuuvumilia tangu utoto, na hakuficha.

Tarehe 20 Agosti 1988 alimuoa Agathe, ingawa ndoa nusura ivunjike. Siku ya kujitambulisha, baba mukwe alikohoa kwa nguvu, akitegemea daktari atamupiga sindano mbele ya majirani. Stanislas akasema, "Papa, sindano ya nini? Acha tumbako." Muzee alinuna mpaka ubatizo wa mutoto wa kwanza. Kikohozi lakini kilikwisha.

Mwaka 1996 alifungua kabine yake ya matibabu Bagira. Kwa miaka mingi alifanya kama wenzake: mutu akiumwa kichwa, anatundikiwa serumu, chupa ya maji ya mushipa, analipa, anarudi, anatundikiwa tena. "Tunafuga wagonjwa kama sungura," alimwambia Agathe. Basi mwaka 2019 akapatana na mutuelle, chama cha matibabu cha mutaa: familia zichange kila mwezi, naye alipwe vizuri zaidi kadiri watu wanavyopona na kubaki wazima. Serumu ikabaki kwa anayeihitaji kweli.

Hapo akili za watu zikaonekana. Wagonjwa walikimbilia kabine ya jirani, kufuata serumu. "Ananiuliza kama nalala mu chandarua," mama mumoja alilalamika. "Iko daktari ao iko mwalimu?" Na jirani mwenyewe, Daktari Zagabe, ambaye tunamuona pale mbele na suti nzuri, alikuja kumushauri: "Confrère, daktari mwenzangu, watu wakikuwa wazima, tutakula nini?"

"Kula aibu," Stanislas akajibu. "Najua hujawahi kuionja."

Vitanda vilikaa vitupu, Agathe akaogopa mulango utafungwa. Marehemu akaenda nyumba kwa nyumba, akipima presha na kufokea wanaume juu ya chumvi na pombe ya kasiksi. Mwaka wa tatu, presha zikishuka, familia zilirudi moja moja, kwa aibu, kama mutu aliyegundua amelia kwenye matanga yasiyo yake.

Januari 2024 kansa ya kongosho ilimushika. Zagabe akamuletea serumu za kutia nguvu. Marehemu akazitazama: "Hizi ni za kuniponyesha, ao ni za faktire ya malipo?" Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 9 Juni 2024.

Anaacha mujane Agathe, watoto wanne na wajukuu tisa. Binti yake, Daktari Virginie, anabaki na kabine, pamoja na mapatano yale ya mutuelle. Ndugu waliokuja hapa kuuliza bei ya kabine wanaweza kurudisha mate mudomoni: haiuzwi.

Sanduku lake limebebwa na wagonjwa wake wa presha na kisukari, tangu Bagira mpaka hapa, kilima chote, na hakuna hata mumoja aliyeomba kupumuzika. Apumuzike yeye, kwa amani.